Gari Lilikuwa Likivuta Kushoto

Baba Awuor,

Barua za watu huanza kwa neno mpendwa. Nililiandika, nikalikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, nikachukua karatasi nyingine. Nakuita Baba Awuor kwa sababu kati ya majina yako yote, hilo ndilo bado la kweli.

Barua yako imefika. Unasema umesikia Awuor anaolewa na ungependa kuja kukaa mahali pa baba. Unasema tusahau ya zamani. Unaandika "ile ajali" kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha mwaka juzi. Basi ngoja nikukumbushe, maana naona Nairobi imekusahaulisha mengi.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha? Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia mtaa wa Migosi, Awuor yuko nasari, na ile pikapu ya bluu tumeinunua pamoja, mshahara wako wa ukarani na faida ya samaki wangu wa Asembo Bay. Jumapili baada ya kanisa ulinipeleka kwenye uwanja mtupu karibu na ziwa. Watu walisimama kumcheka mwanamke aliyeketi nyuma ya usukani. Wewe hukucheka. Ulisema, "Usishike kwa nguvu hivyo. Gari inaongea na mikono yako. Wewe sikiza tu." Nilikupenda sana siku ile. Nakuambia ili ujue kwamba chuki hii sikuzaliwa nayo.

Halafu ikaja ile siku ya Katito. Tulikuwa wawili tu garini, tukirudi kutoka mazishi ya mjomba wako huko Nyakach, miaka ya themanini ikiishia. Ulikuwa unakimbiza pikapu huku umegeuka kunieleza jinsi hotuba yako ilivyowaliza watu, na tulipofika Katito shimo hukuliona. Gurudumu la mbele la kushoto liliingia likagonga ukingo wa lami. Meno yangu yaligongana. Ulishuka, ukapiga tairi teke mara mbili, ukachungulia.

"Hakuna kitu," ulisema. "Hata rimu haijapinda. Twende."

Kweli rimu ilikuwa nzima. Lakini tulipofika Ahero, pale barabara inaponyooka, nilitazama mikono yako. Ulikuwa umepindisha usukani kulia kidogo, na gari lilikuwa likienda mbele moja kwa moja. Jumatatu nilipoichukua pikapu kwenda kuchukua samaki, nilihisi mwenyewe. Nikilegeza mikono, gari lilielekea majanini.

Nilikuambia jioni hiyo ukiwa unakula. Nilisema kwa upole, nikiwa nimechagua maneno tangu mchana.

"Barabara zote zimelala kushoto," ulinijibu bila kuinua macho. "Ndiyo maji yatoke. Kila gari inavuta kushoto. Wewe umejua gari jana."

Nikafikiri, pengine anasema kweli. Kwa hiyo kesho yake, mahali peupe ambapo naona mbali na hakuna gari linalokuja, nilihamia upande wa kulia wa barabara, ambako lami imelala kulia, nikalegeza mikono. Lilivuta kushoto vilevile. Hapo sikuwa na shaka tena. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Hassan, yule fundi wa Kaloleni uliyekuwa ukimsifu kwa kila mtu. Hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Alipitisha kiganja juu ya tairi kuelekea ndani, kisha kuelekea nje, akaniambia nami nifanye hivyo. Mkono ukienda upande mmoja, palikuwa laini. Ukirudisha mkono, mpira ulikwaruza kama msumeno. Alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, akapima kwa rula, akapima tena.

"Mama, hii gurudumu haiangalii mbele," alisema. "Na huu mkono wa chini unaoshika gurudumu umepinda kidogo. Tuunyooshe, halafu upeleke kwa mashine ya alaimenti, magurudumu yapangwe sawa. Usingoje. Tairi inalika ndani, pale hutaona."

Nilirudi nyumbani na maneno yake, na hapo ndipo ulipowaka.

"Unazunguka kwa mafundi? Mke wangu anauliza watu kama mimi najua gari?"

Ulitoa ufunguo kwenye mkoba wangu ukautia mfukoni mwako. Ulisema pikapu haitaguswa na fundi kwa amri ya mwanamke. Wiki tatu nilipanda basi na vikapu vya samaki magotini. Wiki tatu uliendesha huku umepindisha mikono kulia, ukijifanya ndivyo ulivyozoea kukaa. Uligonga shimo, hilo linaweza kumpata yeyote. Kinachonichemsha mpaka leo ni zile wiki tatu. Ulikuwa unajua. Mikono yako ilikuwa inakuambia kila siku, nawe ulijua kuisikiliza kuliko mimi.

Kisha Adhiambo akapata kazi. Dada yako huyu alikaa kwetu miaka miwili akisomea ualimu, na sasa alikuwa amepangiwa shule karibu na Kendu Bay. Jumamosi asubuhi ulisema utampeleka. Kulikuwa na manyunyu. Nilimkunjia nguo zake mwenyewe, zile blauzi mbili nyeupe alizoshonewa na mama yako. Ulipokuwa ukifunga sanduku lake nyuma ya pikapu, nilichuchumaa nikaingiza mkono ndani ya tairi la kushoto. Mpira ulikuwa umekwisha, vidole vyangu viligusa waya.

Nilikufuata mpaka mlango wa dereva. Nilinong'ona ili Adhiambo asisikie. "Baba Awuor, tairi imefika kwa waya. Mwache apande basi."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Yeye nilimwambia tu, "Ushike vizuri." Akacheka. "Kwani huyu ndugu yangu hajui kuendesha?" Nami nikacheka. Sikutaka uaibike mbele ya dada yako mdogo. Hilo ni langu, Baba Awuor. Silitupi kwako. Nimelala nalo na kuamka nalo zaidi ya miaka kumi.

Tairi lilipasuka mkiwa mmepita Ahero. Pikapu iliingia mtaroni kwa upande wa kushoto, upande wake. Wewe ulitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Yeye alikatwa mguu chini ya goti.

Nilifika hospitalini nikiwa bado na magamba ya samaki mikononi. Ulikuwa umesimama kwenye ukumbi na mama yako na wazee wawili wa kwenu, umenipa mgongo. Nilisikia kila neno.

"Ni Mama Awuor aliharibu hiyo gari. Huko Asembo anajaza samaki kama lori. Sisi tungejuaje?"

Uligeuka ukaniona. Ukatazama viatu vyako. Nilinyoosha mkono kumsalimu mama yako, akauacha hapo hapo hewani. Nilisubiri useme. Nilisubiri siku hiyo, na siku walipokaa kikao cha ukoo, na siku Mzee Hassan alipokwenda mwenyewe kueleza, wakamwambia fundi wa mke ni mtu wa mke. Ulikaa kimya katikati yao, umevaa koti lako la kanisani. Kabla ya mwaka kwisha ulihamia Nairobi. Mama yako alikufa bila kupokea mkono wangu tena.

Sasa nikuambie usilolijua.

Ulipoondoka tu, Adhiambo alikuja Migosi na magongo yake na sanduku lile lile. Alisema, "Nitakaa na wewe." Ndugu zako walimkemea, naye hakuwajibu. Amekaa mpaka leo. Anafundisha darasa la tatu hapa mjini, ana mguu wa bandia na mkongojo mmoja, na watoto wanamwogopa kwa sauti yake. Nilidhani alinihurumia. Barua yako ilipokuja wiki iliyopita, niliisoma kwa sauti mezani, na nilipofika kwenye "tusahau ya zamani" alianza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata wodini.

Akanieleza. Asubuhi ile usukani ulikuwa unatetemeka tangu mlipotoka mjini. Alikuuliza, "Hii ni nini?" Nawe ukamjibu, "Ni shimo tu niligonga Katito. Mama Awuor ananisumbua nayo kila siku."

Ulimwambia ukweli, kisha ukamtazama akiwa kitandani ukajua kwamba hatatoboa siri yako. Na hakuitoboa. Alifikiri mguu ameshapoteza, asipoteze na ndugu. Mimi nilimficha habari ya ule waya kwa sababu ya heshima yako. Yeye alinificha maneno yako kwa sababu ya damu yenu. Wanawake wawili tumekula sahani moja miaka yote hii, kila mmoja amekufunika kwa upande wake, na wewe uko Nairobi ukimwambia kila anayekuuliza kwamba mkeo alimkata dada yako mguu kwa samaki.

Unataka kiti cha baba. Kitawekwa. Lakini kabla ya kukikalia utasimama mbele ya wazee wa kwenu, useme nani aligonga shimo na nani alikataa gurudumu lipimwe. Sitaki uniombe msamaha. Sina wa kukupa. Nataka useme, kwa sauti ile ile ya hospitalini, na Adhiambo akiwa ameketi mbele yako ili macho yako yasipate pa kukimbilia.

Ukishindwa, usije. Usitume mtu, usitume zawadi.

Awuor amejua yote. Nilimsomea karatasi hizi mpaka hapa. Kisha akasema nikuandikie kwamba usipokuja kusema, shangazi yake ndiye atakayemwingiza kanisani.

Adhiambo tayari ameanza mazoezi. Kila jioni anatoka mlangoni hadi getini bila mkongojo, na jana alifika.

Sikutakii mabaya, na mema pia nimeshindwa kukutakia. Bakia hapo ulipo mpaka uwe tayari kusema.

Mimi,
Mama wa Awuor