Kuni Walizochoma kwa Ajili Yangu

Nalufenya, Jinja
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Nakuombea salamu hizi zikukute umekaa kibarazani, goti limepoa, na watoto wamekupa nafasi ya kupumua. Goti lenyewe vipi? Umeanza kulichua kwa ile dawa, au bado umeifungia kabatini isije ikaisha? Na hapo Tanga mvua imekata, au maji bado yanaingia uani? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nakudanganya, na kwenye simu nimekudanganya vya kutosha. Kila ukiniuliza hali nasema njema, halafu nasingizia mtandao. Leo nimeona bora niandike, maana karatasi hainikatizi wala haisikii sauti yangu ikitetemeka. Hali yangu si njema, dada. Nimekata tamaa.

Uliwahi kuniuliza huku nasomea nini hasa, nikakujibu juujuu kwamba ni mambo ya mazingira. Ngoja nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata. Najifunza nikiwa kazini, kwenye ofisi moja hapa Jinja, na kazi yetu inaitwa tathmini ya mzunguko wa maisha. Unachukua kitu kimoja, tuseme dumu la lita ishirini la mafuta ya kupikia, ambalo huku wanaliita jerikeni. Unalifuata tangu halijawa dumu: mafuta ya ardhini yaliyotengeneza plastiki yake, kiwanda kilichoiyeyusha, lori lililolibeba, mtu aliyelitumia, mtu aliyeliosha, mpaka siku linapotupwa au kuchomwa moto. Kila hatua unauliza moshi ni kiasi gani, maji ni kiasi gani, uchafu umeishia wapi. Unajumlisha. Mwisho unaweza kusema, kati ya njia hii na ile, ipi inaiharibu dunia zaidi.

Niliipenda kazi hii, wallahi. Wewe unanijua nilivyo mbishi, na hapa nilipata ubishi wenye vipimo. Bosi wangu, Bwana Kirunda, Msoga mmoja mpole, mwenyeji wa huku, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifundisha kwa subira. Aliniambia usilinganishe dumu na dumu, linganisha kazi inayofanywa na dumu. Kwa hiyo hatusemi dumu jipya na dumu la zamani, tunasema kufikisha lita elfu moja za sabuni ya maji dukani, kwa njia hii na kwa njia ile. Nikaanza kuhesabu kila kitu. Sinywi tena chai bila kufikiria majani yamekaushwa kwa kuni gani. Mwenye nyumba wangu ananiona chizi. Tangu mwanzo alinicheka Kiswahili changu, ananiita nyabo, yaani bibie, anasema, "Nyabo, wewe unaongea kama afande, mimi naogopa." Wazee wa hapa wakisikia Kiswahili wanakumbuka wanajeshi. Mimi, mtoto wa Ngamiani hapo Tanga, naogopesha watu kwa kuomba chumvi!

Lakini Kiswahili hicho hicho ndicho kilichonipeleka Mbale. Kuna kiwanda cha sabuni ya maji hapa Jinja ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikijaza sabuni yake kwenye madumu ya zamani ya mafuta ya kupikia. Madumu hayo huoshwa na akina mama wa Namatala, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Mbale, nyumba zimebanana na kila mtu anaishi kwa kibarua. Kikundi cha akina mama hao wengi wao ni Wanubi, Waislamu wenzetu, mababu zao walikuja kama askari kutoka Sudani. Kiswahili wanakisema bila kuona haya. Lori la kiwanda huja kuchukua madumu yaliyooshwa, na hakuna mnunuzi mwingine. Sasa kiwanda kikataka kujua: je, kuendelea na madumu ya zamani ni bora kwa mazingira, au kununua mapya? Wakaiajiri ofisi yetu. Bwana Kirunda akasema nani aende kama si Saumu.

Mkubwa wa kikundi ni Mama Hadija. Ungempenda, dada. Mnene, ana sauti ya kuita watu sokoni, na anachekesha akiwa amekunja uso. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe ni mtoto wa Waislamu, utalala hoteli namna gani? Hapana. Kitanda iko hapa." Basi kila nilipokwenda Mbale nililala kwake. Na kwa sababu mimi nimelelewa na wewe, sikuwahi kwenda bila kubisha hodi mapema. Nilipiga simu kila safari: Mama, nakuja kesho, nakuja kupima. Yeye anajibu, "Karibu, karibu, tutakuwa tayari."

Walikuwa tayari kweli. Nilikuta moto umewashwa kwenye mafiga, mapipa ya maji yanachemka, kuni zimepangwa hadi kiunoni. Wakaosha kila dumu kwa maji ya moto, wakarudia, wakasuuza kwa maji ya moto tena. Mimi na mizani yangu nikapima kuni kabla ya kazi na baada ya kazi, nikapima na maji, nikauliza hizo kuni za mikaratusi zinatoka wapi, nikaandika. Nilijisikia mtaalamu. Safari iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata hivyo hivyo. Vipimo vilikubaliana vizuri hata Bwana Kirunda akanipongeza.

Tulipojumlisha, kuni ziliwaangusha akina mama. Moshi wa kuchemsha maji yote yale, pamoja na miti iliyokatwa, ulifanya dumu la zamani lionekane baya kuliko jipya. Niliumia, lakini nikajiambia hesabu ni hesabu. Nilichouliza ni kitu kimoja tu. Nilimwuliza Bwana Kirunda, hawa akina mama tunawaweka wapi? Akaniambia kwa upole kwamba tulipoanza tulichora mstari, kilicho ndani kinahesabiwa na kilicho nje hakihesabiwi, na kazi za watu ziko nje. Mambo ya watu yana tathmini yao nyingine, na mteja hakuiomba. Akasema mikono haitoi moshi. Ripoti ikapelekwa kwa wakaguzi, wakaipitisha, ikaenda kiwandani.

Sasa sikiliza. Baada ya hapo nilitumwa Nakaloke, mji mdogo kaskazini ya Mbale, kuangalia mashine za kukoboa mpunga. Kazi ikaisha mapema. Nikasema nipite Namatala nimsalimie Mama Hadija, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilikwenda bila kumwarifu. Nikawakuta kazini. Hakukuwa na moto. Walikuwa wametia mchanga na majivu ndani ya madumu na maji baridi kidogo, wanayatikisa huku wanaimba, wanamwaga, wanayageuza juani. Sufuria moja tu ya maji ya moto ilikuwa pembeni, kwa yale yenye mafuta sugu. Na madumu yalikuwa safi.

Niliuliza, Mama, leo kuni zimekwisha? Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kuni ya nini? Sisi tunaosha hivi hivi tangu zamani."

"Na yale mapipa ya maji ya moto?"

"Ah! Ile ilikuwa yako. Mgeni wa ofisi anakuja kuangalia kazi, wewe utamwonyesha mchanga? Utamwonyesha maji ya baridi? Si atasema sisi ni watu wachafu. Tulienda kuomba kuni kwa majirani, mwanangu, mpaka kwa wale wa ng'ambo ya mto. Tulikuheshimu."

Nilikaa chini juu ya dumu. Wao walidhani nimekuja kupima usafi. Mimi nilidhani wanaosha kama wanavyoosha siku zote. Niliwaeleza vizuri tangu siku ya kwanza, au nilidhani nimeeleza, kwamba napima kuni na maji, wakaitikia ndiyo, ndiyo, kisha kila mmoja akaenda kutafuta kuni nyingi zaidi ili asiniaibishe. Adabu yangu ya kupiga simu na adabu yao ya kumpokea mtu ndizo zilizoandika ripoti ile. Kama ningekuwa mjeuri, nimezoea kuwaingilia watu ghafla, leo wangekuwa na kazi.

Nilirudi Jinja nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kirunda. Nilikuwa nimeshapiga hesabu upya njiani, kwa majivu, mchanga na sufuria moja. Matokeo yanageuka kabisa. Dumu la zamani linashinda, na linashinda mbali. Ofisini huwa tunazungumza Kiingereza, lakini siku hiyo aliona machozi yangu akajitahidi kwa Kiswahili chake. "Saumu, mimi naelewa wewe. Lakini ripoti imepita. Kiwanda imeshafanya mkataba na watu wa jerikeni mpya. Wewe ulipima mwenyewe, mara nyingi, na vipimo ilikubaliana. Nitawaambia nini? Kwamba walikuwa wanakupikia heshima?"

Hata hivyo aliwaandikia. Sitamsingizia, aliwaandikia na mimi nikasimama nyuma ya kiti chake akichapa. Kiwanda kikajibu kwa adabu kwamba wanashukuru kwa maelezo ya ziada na watayazingatia siku zijazo. Kisha lori likaacha kwenda Namatala.

Juma lililopita nikaomba niende mwenyewe kuwaeleza, nisiwaache wanasubiri. Nilikaa nao kwenye mkeka. Nikaeleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, tangu mwanzo: tathmini ni nini, kuni zimehesabiwaje, moshi una maana gani, kwa nini mchanga na majivu vingewaokoa. Hakuna aliyenikasirikia. Laiti wangenikasirikia! Walinisikiliza kwa utulivu, wakaangaliana, wakanong'onezana Kinubi. Mwisho Mama Hadija akanishika mkono.

"Basi tumeelewa," akasema. "Ile maji haikutosha. Jerikeni haikuwa safi."

Nikasema hapana, Mama, sivyo, yalikuwa safi, maji yalizidi. Akanipigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kusema ukweli wa uchungu.

"Usiogope kutuambia, mwanangu. Hakuna mtu anaacha kununua kitu safi. Wewe mwambie bwana wa kiwanda, tutachemsha zaidi. Tutachemsha mara tatu."

Nilijaribu tena, na tena. Kila nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kuniona mtu mwenye huruma. Watu waliooshea nchi hii madumu miaka yote hiyo hawawezi kuamini kwamba kuna mahali ambapo maji ya moto ni kosa, na mimi siwalaumu, maana hata masikioni mwangu maneno yangu yalikuwa ya kipumbavu. Nilichoka, dada. Nikasema sawa, Mama, nitamwambia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikala chakula chao, nikapanda basi.

Sitaki kuendelea na kazi hii na sijui kazi nyingine. Nikiwa mezani nachora ule mstari wa ndani na nje, naufuta, nauchora, naufuta tena. Mto Naili uko karibu hapa, watalii wanakuja kutoka mbali kuuona, na mimi hupita bila hata kugeuza shingo. Swala nasali, lakini nikifika kwenye dua sijui niombe nini. Kuomba lori lirudi ni kuomba watu wavunje mkataba, na kuomba akina mama waelewe ni kuomba wajue kwamba heshima yao ndiyo iliyowaponza. Wewe ungeomba kipi? Usinijibu haraka.

Nisalimie shemeji yangu, na umwambie redio yake nimeshaipatia ile betri. Msalimie shangazi yetu muuza ubani, na mwombe asinitafutie mchumba kwa sasa. Wabusu wanao wote wawili. Mpe salamu mwalimu wetu wa madrasa ikiwa bado anakutana na shemeji msikitini. Wakiuliza naendeleaje, sema nasoma.

Nimeanza kuandika barua hii kwa sababu tangu asubuhi simu inaita na sijaipokea. Jana nilipokea. Alikuwa Mama Hadija, nyuma yake nasikia akina mama wanacheka na moto unalia. Wamekata mkaratusi ulioko nyuma ya nyumba yake, ule waliokuwa wanakaa kivulini pake wakiosha. Wamechemsha mara tatu kama walivyoahidi. Madumu wameyapanga kando ya barabara, anasema yanang'aa mpaka watu wanasimama kuyatazama.

"Njoo uone, mwanangu," aliniambia. "Sasa ni safi kweli. Lori inakuja lini?"

Mdogo wako,
Saumu