Kidole Kilichotoboa Helmeti

Ijumaa, baada ya isha

Na bado nasema helmeti haiozi kama samaki! Hoja hiyo nimeitetea mwaka mzima mbele ya mke wangu, anayesema yangu imechakaa, na mbele ya bodaboda wote wa Kibiti. Hakuna aliyenishinda.

Leo msikitini nimeinuka kutoka sijida, nikaona chenga nyeusi mkekani. Ni sponji ya helmeti, ilikuwa imenigandia kwenye nywele. Jirani yangu wa safu, Mzee Mbonde, akangoja tutoe salamu, akaninong'oneza: "Ostadhi, ubongo unamwagika."

Safu nzima ikacheka. Imamu naye.

Nyumbani nikaibonyeza helmeti kwa kidole gumba, nimwonyeshe mke wangu ilivyo ngumu. Kidole kikatokea upande wa pili.

Mwajuma akakitazama. "Baba Saidi, endelea kubishana. Kinakusikiliza."

Naogopa, sifichi. Kesho naenda Ruaruke, na malori ya njia ile hayajali hoja zangu. Kabla sijawasha pikipiki nitanunua helmeti mpya.

Mwajuma ameuliza kama sasa nakiri alikuwa sahihi. Nimemjibu kununua nimekubali. Hayo mengine aniletee ushahidi.