Arobaini ya Shangazi Kazija

Baba Shakila,

Maharage yameshaiva, yaungeni tu. Shakila asiende shule kabla ya kunywa uji. Maji yakitoka, jazeni madumu yote.

Nimewahi basi la saa moja. Nakwenda Unguja peke yangu.

Alfajiri nilikuwa uani naanika nguo, nikakusikia ukimwambia jirani Yeremia: “Siku hizi Zanzibar gharama ni boti tu. Kula na kulala bure, kuna arobaini ya shangazi yake mke wangu. Wafiwa hawafukuzi mgeni.” Mkacheka. Shangazi Kazija ndiye aliyenilea mama alipofariki, na wewe unajua.

Nikaingia ndani, nikafungua begi ulilofunga jana. Juu kabisa, kaptura ya kuogelea ya mtumba. Kanzu ya kisomo hukuweka. Kaptura iko kitandani, ~~kaogelee nayo mto Morogoro~~ mpe anayeitaka.

~~Nifuate kesho.~~ Usinifuate. Ndugu zangu nitawaambia unaumwa, maana ukweli naona aibu kuusema.

Na usidhani nakuchukia peke yako. Mwezi mzima nimekaa nawe hapa mezani tukipanga: tutembee Forodhani, tupige picha, turudi na karafuu. Nilifurahi kabisa. Tangu simu ya msiba ifike sijadondosha chozi hata moja, na hilo linanichefua kuliko maneno yako.

Acha nikamlilie kwanza.

Mama Shakila