Sanduku la Mama Siku ya Krismasi

Kitaji,
S.L.P. 212,
Musoma.
4 Januari 1976

Mpendwa mdogo wangu Clementi,

Pokea salamu za mwaka mpya kutoka huku ulikozaliwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaoishi nao, na kwamba kazi ya reli haijakuchosha kupita kiasi. Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepona? Tanga wanasema hakuna baridi, basi nadhani kimepona.

Sisi hatujambo. Baba anatembea, ila goti la kushoto linamsumbua akiinuka. Mume wangu Bernado yupo salama na anakusalimu. Mvua za vuli zilichelewa, zikaja chache, na pamba ya upande wa Bunda imeota kwa mabaka. Mimi nakula, nalala, naamka. Watu wakiniuliza hali nawajibu nzuri, wala siwadanganyi, maana hakuna mahali panaponiuma. Tangu tumzike Mama nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Unauona kabisa ni wako, lakini ukiufinya haukwambii kitu.

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho.

Barua yako ya Oktoba niliipata. Ilikuwa mistari minne. Ulitupa pole ya msiba, halafu ukasema Mama alikwisha kukujibu zamani, kwa hiyo wewe huna la kuongeza. Baba nilimsomea ile pole tu. Yale mengine sikuyaelewa, nikadhani ni kiburi cha mtu aliyekaa sana mjini. Hukuja kuzika, na miaka mitatu ulikuwa hujatia mguu nyumbani. Nilikasirika siku kama mbili, kisha hata hasira yenyewe ikaisha bila mimi kuifukuza.

Sasa nikueleze Krismasi yetu.

Wiki moja kabla ya sikukuu nilikwenda kijijini, nikamwomba kaka Burito asichinje dume la ng'ombe mwaka huu. Nilimwambia watu bado wanakula unga wa njano wa msaada, Mama hayupo, na mbuzi mmoja angetutosha. Alikataa. Alisema asipochinja, majirani watasema mji wa baba yetu Wanzagi umekufa pamoja na mama mwenye mji. Basi akachinja. Walikuja watu wengi wa kile kijiji kipya ambao Mama hawakumfahamu, wakala, wakasifu nyama, wakaondoka. Sisi wenyewe hakuna aliyekuwa na hamu. Siku ya pili nyama iliyobaki ilikuwa imeanza kunuka, tukawarushia mbwa, nao mbwa wakashiba wakaiacha.

Siku yenyewe ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, mama mdogo Boke alisema kwa kuwa watoto wote wa dada yake tuliobaki karibu tulikuwapo, afadhali tufungue sanduku la Mama tugawane vilivyomo. Hakutaka vitu vya marehemu viingie mwaka mpya vikiwa vimefungiwa. Baba alikubali, akavuta kigoda chake akakaa mlangoni.

Ni lile sanduku la bati la kijani. Mwaka ule tulipohamia kijiji kipya, vyombo vyote vya nyumba vilirushwa kwenye lori na kunyeshewa, lakini sanduku Mama alilikalia mwenyewe njia nzima. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliufungua kwenye pindo la kanga yake siku aliyofariki.

Clementi, ndani kulikuwa na vitenge kumi na vinne. Unajua desturi yetu, kila Krismasi kila mtoto anampelekea Mama kitenge. Vyote vilikuwa humo, vimekunjwa vilevile vilivyokunjwa dukani, vingine bado vina karatasi ya kiwandani. Vyangu nilivitambua kimoja kimoja. Kimoja nilikitafuta kutwa nzima katika maduka ya Mwisenge, nikamsumbua Nassibu mwenye duka mpaka akashusha majora yote, kwa sababu sikutaka mke wa Burito alete kizuri kuliko changu. Hapo mbele ya sanduku niliona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nachagua rangi ninazozipenda mimi, na nilikuwa nachagulia macho ya watu wa kanisani. Mama kanisani alikwenda na kanga ileile yenye kiraka begani. Vitenge vitano vya chini vilipata maji siku ya kuhama. Tulipovikunjua vilichanika kama ugali uliolowa.

Chini ya vitenge lilikuwapo blanketi la bluu nililompelekea mwaka 1973. Hili ninaliandika kwa kuwa nimeamua kukuandikia yote. Mama alipougua kichomi nilimwuguza siku nane. Alikuwa akitetemeka, nami namfunika shuka lake la zamani na kanga zangu mbili. Nilimwuliza lile blanketi liko wapi. Akaniambia lipo, ni la wageni. Sikubishana naye. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda alicholalia, ningeweza kuligusa kwa mguu. Sijui kama blanketi lingebadilisha kitu. Mganga wa zahanati hakuniambia, nami sikumwuliza.

Mwisho kabisa mama mdogo Boke aliingiza mkono chini akatoa kifurushi. Karatasi ya kaki, kamba ya katani, stempu za posta za Tanga. Kilikuwa hakijafunguliwa.

Nilikijua mara moja, kwa sababu mimi ndiye niliyekitoa posta hapa Musoma, Desemba ya 1972, nikakipeleka nyumbani. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akacheka. Nilileta kisu nikate kamba, akanizuia. Alisema, "Zawadi inafunguliwaga mbele ya aliyeitoa. Clementi akija tutaifungua naye." Nilikuwa nina haraka, lori la kurudi mjini lilikuwa linapiga honi barabarani, nikasema sawa Mama, nikaondoka. Baadaye Burito aliniambia kila Krismasi Mama alikuwa anakitoa, anakifuta vumbi, anakiweka mezani wageni wakione, jioni anakirudisha. Alikuwa akisema ni cha mwanawe wa Tanga.

Na Januari ya 1973, Clementi, mimi ndiye niliyekaa hapa Kitaji nikakuandikia kwamba Mama amepokea zawadi yako, anashukuru sana, na anakusalimu. Niliandika hivyo kwa adabu tu, kama watu wanavyoandika. Mama alikuwa amepokea karatasi na kamba.

Tulikata kamba. Ndani yake mlikuwa na sweta la rangi ya damu ya mzee, barua ya kurasa mbili, na picha. Kila mtu akaniangalia mimi, maana ndiye msomaji wa nyumba. Sikuwa najua kilichoandikwa, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote, nisamehe kwa hilo pia.

Nilisoma kwamba umeoa mwanamke anaitwa Mwamvita, Mwislamu wa Pangani, na padri hajui. Nilisoma kwamba mmepata mtoto wa kike, ana miezi mitatu, na mnamwita Mtoto tu kwa sababu unataka jina litoke kwa Mama. Nilisoma mahali unapomwomba Mama aseme neno moja, la kukubali au la kukataa. Na nilisoma ule mstari wa mwisho, kwamba Mama akipokea zawadi asiseme lolote juu ya mtoto, utajua amekataa, na hutamsumbua tena.

Sauti yangu haikubadilika. Nilimaliza, nikaikunja barua kwenye mikunjo yake. Mke wa Burito alikuwa analia. Nilikuwa naangalia picha. Paji la uso la yule mtoto ni la Mama, huhitaji kuambiwa.

Ndipo nikaielewa mistari yako minne ya Oktoba.

Burito alianza kusema mambo ya kanisa, kwamba ndoa ya namna hiyo si ndoa, na kwamba ungemwuliza yeye kwanza kama mkubwa wako. Baba alimnyamazisha kwa mkono. Akaniagiza nisome tena pale panapomtaja mtoto. Nikasoma. Akachora chini kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba mama yake hakukataa. Hakusikia."

Nikamwuliza Baba, na jina je? Akajibu kwamba jina la mtoto halitumwi posta. Jina hutolewa mtoto akiwa amepakatwa, watu wakiuona uso wake, kwa hiyo tungoje mpaka utakapomleta.

Mdogo wangu, unajua sijawahi kumpinga Baba, hata siku aliponitoa shule. Lakini hapo nilisikia mtu anasema, "Hapana, Baba. Tumengoja vya kutosha. Mpe leo." Nilishangaa kuona ni mimi. Mama mdogo Boke aliinamisha kichwa, nikafikiri nitafukuzwa.

Baba alinyoosha mkono akaomba picha. Aliisogeza mbali na macho yake, kisha karibu. Akasema, "Basi ni Nyamburi."

Alimpa jina la Mama. Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele, vikawa vidogo, havikujua kama ni msiba au ni furaha. Picha Baba hakuirudisha. Iko kwenye mfuko wa shati lake, na anawaonyesha watu wanaokuja kuteka maji.

Najua mtoto atakuwa na jina lingine sasa, ametimiza miaka mitatu na zaidi. Sisemi mlifute. Lakini mwambie kwamba na hili ni lake, na kwamba lilitolewa siku ya Krismasi mchana, watu wakisikia.

Vile vitenge tisa vilivyosalia, mama mdogo Boke alivigawa na kutoa amri kwamba hakuna mtu kukunja. Kila mwanamke ajifunge chake palepale aondoke nacho. Blanketi analala nalo Baba. Sweta lako tulimvisha yeye pia, mikono inamzidi kidogo, anaikunja. Analivaa kila asubuhi hata kukiwa na jua.

Juu ya Krismasi zijazo hatujapatana. Mimi nilisema kila mtu aulizwe anahitaji nini, na anayeletewa kitu akitumie siku ileile. Mama alikuwa akichekecha unga kwa chekeche la kuazima miaka yote tuliyokuwa tunampelekea vitenge. Burito anasema kumwuliza mtu zawadi ni kumfanya ombaomba, na dume atachinja. Mbishane wenyewe ukija.

Sikuamrishi uje. Mahali ulipo ni mbali, na moyo nao una mwendo wake. Nakuomba msamaha kwa barua yangu ya Januari ile. Niliweka shukrani mahali ambapo ningeweka swali. Kama bado una hasira, andika hasira, nitaisoma yote na safari hii sitachagua sehemu za kumsomea Baba. Wifi yangu Mwamvita mwombe radhi kwa niaba yetu. Miaka mitatu amekuwa anaishi akijua mkwe wake alimkataa, na mkwe wake hata jina lake hakuwahi kulisikia.

Baba anakusalimu, anauliza mtoto anakula nini. Kaka Burito na mkewe wanakusalimu. Mama mdogo Boke anakusalimu sana, anasema usimletee kitenge. Bernado anakuombea afya. Mungu awalinde wote watatu katika nyumba yenu, na amlaze Mama mahali penye joto.

Jambo la mwisho. Katika mgawo nilipata kitenge cha manjano chenye ndege weusi, na nimekipeleka kwa fundi Shomari wa Mwisenge anishonee gauni la Nyamburi. Ameniuliza kipimo, nami sikijui. Tafadhali chukua uzi, msimamishe mtoto, pima kutoka begani hadi gotini, ukate, uutie ndani ya bahasha. Hata kama hutaki kuandika neno, tuma huo uzi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokukosea,

Wankyo.