Samaki Yangu, Ndevu za Bwana Yangu

Mama Emilienne, wewe unayetengeneza mambo ya watu mu gazeti, nakuandikia nikipiga goti moja tu, juu ya ile ingine iko ku kazi. Naomba musaada, na naomba jibu lifike mu gazeti mbele ya Ijumaa.

Jina yangu Ngalula. Nilivuka ziwa kutoka Pweto na beseni moja ya plastiki, leo niko na meza sita za kukausha chisense, ule samaki mudogo wa ziwa, hapa Kashikishi, miaka kumi na moja ya kazi, na hakuna mutu alinipa hata musumari. Mwaka huu wenzangu waliniambia wateja wakubwa wako ku ule mutandao wa watu wa kazi, kule kila mutu anajiita directeur, basi nikajiandikisha, nikaweka foto yangu, blauzi safi, ninacheka. Kwa mwezi moja nilipata ujumbe makumi ine, nikahesabu: thelathini na moja walitaka kunioa, sita walitaka niwakopeshe, tatu walitaka samaki. Bwana yangu Hippolyte, fundi wa baiskeli, akasoma zile thelathini na moja kwa sauti, mbele ya mama yake. Basi nikafanya sawa wamama wa kanisa letu wanavyofanya ku telefone zao, nikatosha sura yangu, nikaweka ya bwana: Hippolyte mu kostimi ya kuazima, ndevu zimechanwa, mukono ku kidevu kama mutu anayefikiri neno kubwa. Mama Emilienne, mwezi uliofuata ujumbe makumi ine tena, na ishirini na tisa walitaka samaki! Hata bei hawakubishana. "Asante bwana directeur, tutume wapi feza, bwana directeur?" Jina ni la Ngalula, ndevu ni za Hippolyte, hakuna hata moja aliyeuliza. Miezi mitano nikanyamaza, nikauza. Nakiri.

Sasa kuna Mama Misozi wa Ndola, anayepikia shule tatu za bweni, anataka kilo mia ine kila mwezi, mwaka muzima. Juma iliyopita akapiga video, Swahili yake ni ya soko la Kasumbalesa, akaniona na kitambaa ku kichwa, akasema: "Mama, niitie mwenye samaki." Nikasema ni mimi. "Hapana, mama, ule wa ndevu." Mbele sijajibu, Hippolyte alishachukua telefone, na kostimi ilikuwa tayari ku mwili. Akaulizwa: "Directeur, kilo ngapi za mubichi zinatoa kilo moja ya kukauka?" Akajibu: "Maman, ile inategemea Mungu."

Mama Misozi akakata. Kisha akaandika: "Mimi nanunua samaki, sinunui sinema. Mupaka Ijumaa nione mwenye mali, ama naenda kwa mwingine."

Nilitaka kubadilisha foto saa ile ile. Hippolyte akasema: "Ukitosha sura yangu pale, utoshe na pete." Ku kanisa wanamuita Directeur sasa, amenunua na viatu vya ncha. Mama yake, maman Pierrette, naye akaingia: "Uso ya bwana njo kibao ya magazini, ya duka. Weye unataka batu baone nini?" Baadaye wakanihurumia. Hippolyte akasema tuweke foto ya ndoa, sisi wawili. Maman Pierrette akasema niweke samaki peke yake. Nikaenda studio, mwenye studio akanipanga mu mawingu na njiwa mbili, nikatuma ile foto kwa dada yangu kule Puta, akapiga analia: "Ngalula alikufa lini?" Nikamujibu mimi mwenyewe.

Niweke foto gani, nisipoteze bwana wala kilo mia ine?

Ngalula, Kashikishi

*

Ngalula, pole sana. Pole imekwisha, sasa tuseme.

Unajua kuhesabu mpaka wachumba wa ku telefone, lakini hukuhesabu kama siku moja muteja atataka kukuona. Na usimutupie Hippolyte kila kitu. Nani alimupandisha pale? Mutu alikuwa anatengeneza baiskeli zake kwa amani, wewe ukamufanya directeur, ukakula miezi mitano ku mugongo wa ndevu zake, leo unashangaa amenunua viatu.

Zile foto zenu sasa. Ya ndoa: muteja hatajua anunue kwa nani, na gauni lile halijawahi kukausha chisense. Ya samaki peke yake: samaki hapokei telefone. Ya mawingu: uiweke vizuri, siku yake itafika, haina haraka.

Kesho asubuhi, mbele jua halijakuwa kali, simama karibu na meza zako, jua likupige ku uso, si ku mugongo. Blauzi ya rangi moja. Kitambaa kisifunike macho. Kichwa na mabega, basi, hatuhitaji kuona miguu yako. Usishike samaki ku shavu kama mutoto mchanga. Na ile dawa ya telefone inayofanya watu weupe, uiache, inatufanya wote tutoke sawa wagonjwa. Angalia kamera vile unaangalia muteja anayesema "nitarudi". Chini uandike: Ngalula, muuzaji wa chisense, Kashikishi, miaka kumi na moja. Wale thelathini na moja watarudi, najua. Uwatumie bei ya kilo, utaona vile mapenzi yanaisha. Na wale walionunua juu ya ndevu, wakikukimbia, waende kununua kwa kinyozi.

Lakini mbele ya kubadilisha, sema na bwana yako. Mu nyumba, ninyi wawili, maman Pierrette akiwa ku soko. Umuombe musamaha, ndiyo, wewe, juu ulitumia sura yake kama kibao. Kisha umwambie wazi: pete inabaki, foto inatoka. Na wewe Hippolyte, najua utasoma hii: rudisha kostimi ya watu. Fungua ukurasa wako, piga foto na mafuta ku mikono na gurudumu mbele yako. Nchelenge yote, wilaya yenu, ina baiskeli mbovu, haina upungufu wa madirecteur.

Kwa Mama Misozi usingoje Ijumaa. Mupigie leo. Sema: yule ni bwana yangu, samaki ni yangu, nilikosea. Kisha umujibu ile swali yake ya kilo kabisa kabisa, bila kumusumbua Mungu. Akikubali, bei ni ile ile aliyoambiwa na ndevu, usipunguze hata senti moja ya ngwee. Na akitaka video tena, upokee wewe. Hippolyte akitaka kuonekana, apite nyuma yako na gunia ku bega.