Kadi ya Lusenge

Butembo, Kimemi, tarehe 3 Juni 2024

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, shemeji Lusenge na watoto. Sisi huku ni wazima, ila mke wangu Julie anakohoa kidogo. Wasiwasi ni juu yenu huko Kamango. Shemeji amekubali kuuza kakao yake, au bado anaiangalia tu ikikauka?

Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haiiti tangu Pasaka. Eliezer, dereva wa lori la kakao, amekubali kuwa posta yetu.

Hapa sokoni mambo ni moto. Tangu nimekuwa katibu wa kamati ya wauzaji sijalala vizuri. Mwaka huu ofisi ya komini imekubali kuturudishia sehemu ya kodi ya meza tuchimbe mfereji. Unakumbuka mvua ikinyesha unga wako ulivyokuwa unaelea. Ila kuna sharti: wauzaji wenyewe wapige kura kabla ya mwisho wa Juni, na nusu yao wawepo, kila mtu na kadi yake ya kura. Watu wamechoka. Mama Kanyere wa mawese anapita meza kwa meza: "Ya mwaka jana balikula, hatukuona kitu. Musiende." Nao wanamsikia.

Sasa ombi langu. Meza zote zinaandikishwa upya. Nitumie kadi yako na ya shemeji, niandikishe meza yako ya unga na ile yake ya maharagwe mlizoziacha hapa. Asiyeandikishwa atapoteza meza. Baada ya wiki moja nitazirudisha.

Mdogo wako,
Abdias

*

Kamango, tarehe 14 Juni 2024

Mdogo wangu Abdias,

Nimepokea barua yako, nimefurahi, mwandiko wako bado ni ule wa darasa la tatu. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Sagesse ameota meno mawili na anatuuma wote. Mwambie Julie achemshe tangawizi.

Kadi hizi hapa, nimezifunga ndani ya kitambaa changu cha kichwa, kitambaa nacho ukirudishe. Lusenge alikataa kwanza. Alisema, "Carte yangu inaenda Butembo, mi nabaki hapa na nini?" Nikamwambia inaenda kwa mdogo wangu, si kwa mwizi. Akacheka, akaitoa.

Lakini Abdias, wiki moja iwe wiki moja. Wewe uko mjini, umesahau. Hapa kadi ya kura ndiyo kitambulisho, hatuna kingine. Kupiga kura tumepiga mara ngapi katika maisha yetu? Barrière ya askari tunapita kila siku ya soko.

Yaya wako,
Kavira

*

Butembo, tarehe 2 Julai 2024

Yaya mpendwa,

Bwana asifiwe. Mnaendeleaje? Sisi tuko salama, tangawizi imesaidia.

Kura imepita. Mkutano ulikuwa tarehe 28. Wauzaji wote ni 214, kwa hiyo tulihitaji 107, na orodha ilifika 107 kamili. Kazi ya mfereji inaanza wiki hii.

Mama Kanyere ndiye amezua maneno. Alikaa mlangoni na kikapu, kila aliyeingia yeye anatupa punje moja ya haragwe. Mwisho akamwaga maharagwe mbele ya watu wote: sitini na tatu. Akasema, "Mi nahesabu batu, hapana makaratasi." Basi orodha imetiwa kwenye bahasha pamoja na kadi, bahasha imefungwa kabatini kwenye bureau ya komini mpaka jambo lichunguzwe. Kadi zenu zimo humo, zilikuwa furushi moja na nyingine. Ni suala la siku chache tu, usiwe na wasiwasi.

Kitambaa nakutumia na Eliezer. Julie amekifua.

Mdogo wako,
Abdias

*

Kamango, tarehe 21 Julai 2024

Abdias,

Salamu. Tuko wazima bado.

Watu wa vijiji vya juu wameanza kushuka na magodoro kichwani, wanakimbia vita. Lusenge anasema tungoje tumalize kuvuna, mimi sitaki kungoja. Tuletee kadi. Kama Eliezer haji, mpe mtu yeyote wa kanisa. Mwambie huyo wa kabati kwamba wenyewe tunazihitaji, hawezi kukataa.

Nakungoja.

Yaya wako,
Kavira

*

Mavivi, tarehe 25 Agosti 2024

Abdias,

Bwana asifiwe. Mimi na watoto tupo Mavivi, kwa Kavugho, yule tuliyeimba naye kwaya. Amepata mtu anayeshuka Butembo, ndiyo maana nakuandikia. Sagesse alikuwa na homa, sasa anakula.

Tuliondoka Kamango tarehe 10 na watu wengi. Siku ya pili tulifika kwenye barrière. Wanawake wenye watoto walikuwa wanapitishwa hata bila kadi. Wanaume walisimama pembeni, kila mmoja anaonyesha yake.

Askari akamwuliza Lusenge, "Carte iko wapi?"

"Iko Butembo."

"Inafanya nini Butembo?"

"Inaandikisha meza."

Askari alicheka. Ningekuwa yeye, hata mimi ningecheka. Hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia arudi kwa chefu wake wa kijiji aandikiwe karatasi kwamba anajulikana, ndipo atapita. Lusenge alinifunga mtoto vizuri mgongoni, akanipa na godoro. Akasema, "Enda na batoto. Mi nakuja kesho."

Leo ni siku ya kumi na nne. Waliokuja nyuma yetu wanasema kwa chefu hakukuwa na mtu tena, nyumba zilikuwa wazi. Hakuna aliyemwona njiani. Nauliza kila anayefika, mpaka watoto wananiambia, mama, huyu umeshamwuliza.

Nijibu jambo moja. Zile meza ziliandikishwa?

Yaya wako,
Kavira

*

Butembo, tarehe 30 Agosti 2024

Yaya,

Sijui nikusalimu vipi. Nimekwenda Beni siku mbili, nimeuliza hospitali, nimeuliza makanisa, nimeuliza hata mahali wanapofungia watu. Lusenge hayupo.

Hakukuwa na kuandikisha meza. Niliitunga mimi, hapa hapa mezani ninapokuandikia. Watu walikuja sitini na tatu, kama Kanyere alivyosema. Zilizobaki arobaini na nne zilikuwa kadi nilizokusanya kwa ndugu na majirani, kila mtu nilimpa sababu yake. Nilisimama nikasoma majina kwa sauti. Niliposoma la Lusenge, mimi mwenyewe niliitikia "ndiyo".

Nilijiambia ni kwa ajili ya mfereji. Sikula hata faranga moja, na najua hilo halikusaidii kitu.

Hili ndilo baya zaidi. Barua yako ya Julai ilinifika tarehe 24. Barabara ilikuwa bado wazi, Eliezer alikuwa hapa mjini. Yule wa bureau ni mtu mwema, angefungua bahasha siku ile ile kama ningemwambia nipe hizi mbili, wenyewe wako Kamango. Lakini kusema wako Kamango ni kusema hawakuwa sokoni. Nilifika mlangoni kwake mara tatu. Mara ya tatu niligeuka, nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani. Niliona haya, yaya. Haya tu.

Mfereji umekwisha na maji yanapita. Watu wananisimamisha njiani kunishukuru, na mimi naangalia chini.

Tarehe 12 Septemba bahasha itafunguliwa mbele ya wauzaji wote. Kila mwenye kadi ataitwa jina lake, aseme kama alikuwepo. Mwenyekiti wa kamati ameniomba nizungumze nawe. ~~Useme ulikuwepo, yaya, wewe na shemeji, nitakulea wewe na watoto maisha yangu yote.~~

Nimeukata mstari huo. Sikuukata vizuri, na karatasi nyingine sina. Fanya unavyoona.

Mdogo wako,
Abdias

*

Mavivi, tarehe 6 Septemba 2024

Abdias,

Watoto ni wazima. Lusenge bado.

Mstari uliokata nimeusoma wote. Niliuinua mbele ya dirisha na kila neno likaonekana. Kavugho aliniambia nichome barua, nimekataa, nitakuja nayo.

Nimekasirika mpaka kalamu inachana karatasi, uone mwandiko wangu sasa. Kama ungeniambia ni ya mfereji, huenda ningekutumia yangu hata hivyo. Unga wangu ndio uliokuwa unaelea. Lakini ya Lusenge niliitoa mfukoni mwake kwa mdomo wangu. Nilimwambia si kwa mwizi. Hilo nalo ni langu, wala sikuachii wewe peke yako.

Tarehe 12 nitakuwa sokoni, nimeshapata lifti. Mwambie Julie sitalala kwenu, nitafikia kanisani. Mwambie pia Mama Kanyere aje na kikapu chake.

Wakiita jina langu nitasimama, nitasema sikuwepo, nilikuwa Kamango navuna kakao na mume wangu. Halafu wataita jina la Lusenge. Hapo nitageuka, nikuangalie wewe. Ulimjibia mara ya kwanza. Umjibie tena, useme yuko wapi.

Mke wa Lusenge,
Kavira