Kiti cha Mheshimiwa Kilichokutwa Jukwaani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina la jukwaani: Mfalme. Umri: miaka 52. Kazi: kinyozi, jioni mwigizaji. Makazi: nyumba za nyuma ya ukumbi wa manispaa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa kumi jioni, nilikuwa ukumbini nikijiandaa kucheza mfalme. Mchezo ni wa kale, wa Wayunani: mfalme anakataza kijana aliyeasi asizikwe, na dada wa marehemu anadai maiti. Sisi tumeuvisha suti za leo. Dada anachezwa na mpwa wangu. Kaka yake wa kuzaliwa alipigwa risasi kwenye maandamano mwezi uliopita, na mpaka leo yuko chumba cha maiti kwa amri ambayo kila ofisi inasema haikuitoa.

Mchana huo wapambe wa mkuu wa mji walileta kiti chake cha ofisini, chekundu chenye nakshi za dhahabu, kwa kuwa mheshimiwa alikuwa mgeni rasmi na hakalii viti vya plastiki. Wakakibwaga mlangoni, wakaenda zao. Wapambe sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kuacha ujumbe. Fundi wa jukwaa alikuwa anangoja kiti cha kifalme cha kuazima. Akadhani ndicho hicho, akakipandisha jukwaani.

Pazia lilipofunguliwa nilikuwa nimekikalia. Watu walicheka mpaka machozi. Mheshimiwa alikuwa mstari wa mbele, kwenye plastiki, amevimba. Mwenye busara angecheka nao, yakaisha. Yeye alipanda jukwaani na viatu vyake vinavyolia, akanisukuma, akaketi.

"Kiti changu hiki," alisema.

Mpwa wangu hakutoka. Alimpigia magoti yeye badala yangu, akasema maneno yake kama tulivyofanya mazoezi:

"Nipe kaka yangu nikamzike."

Mheshimiwa akajibu:

"Hapewi mtu mpaka niseme mimi."

Nimeulizwa nani alimtungia maneno hayo. Hakuna. Mfalme wetu ana maneno mazuri kuliko hayo. Nimeambiwa pia kwamba mpwa wangu yuko mahabusu kwa kumdhihaki kiongozi. Binti aliomba tu. Kiongozi alijidhihaki mwenyewe, tena bila mazoezi. Mimi nilisimama pembeni kwa hasira, maana mtoa amri huyo nilikuwa nimemtafuta ofisi kwa ofisi.

Naomba binti aachiwe, na kijana wetu tupewe tukamzike.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nayatia saini bila kupunguza neno.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa haya akakubali ni yake. Ameombwa aondoe maneno ya mheshimiwa, amekataa. Siku hiyo nilikuwa lindoni ndani ya ukumbi. Nimeyaandika kama alivyoyasema, na ndivyo nilivyoyasikia mimi mwenyewe.